Tathmini ya Darasa la Jioni la Kiingereza cha Maandishi: Pale "Than" Inapokutana na "Kuliko"

Nimemaliza wiki sita za darasa la jioni la Kiingereza cha maandishi katikati ya jiji la Nairobi, na kwa kuwa wenzangu watatu wa ofisini wameniuliza kama nao wajiandikishe, nimeona afadhali niandike tathmini moja iliyokamilika kuliko kulirudia jibu lilelile kila tunapokutana kwenye chai ya saa nne. Shule yenyewe sitaitaja, kwa maana baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na malalamiko ya mwanafunzi mmoja hayatoshi kumharibia mtu biashara. Nitaeleza kilichofundishwa, namna kilivyofundishwa, na kama kililingana na karo niliyolipa.

Karo ilikuwa shilingi 9,500 kwa vipindi 12 vya saa mbili mbili, pamoja na kijitabu cha mazoezi. Tulikutana Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, katika ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti, hatua chache kutoka Barabara ya Tom Mboya. Tulikuwa wanafunzi 14, wakiwemo wauguzi wawili, mhazili wa kampuni ya mawakili, mama mmoja anayeuza vitambaa kwa jumla kule Eastleigh, na vijana kadhaa waliokuwa wakiandika barua za kuomba kazi. Madirisha yakifunguliwa, honi za matatu ziliingia darasani pamoja na sauti za makanga. Yakifungwa, joto lilitusinzisha. Hayo nayataja mara moja tu, kwa sababu hakuna darasa la jioni katika sehemu ile ya jiji lisilo na shida hizo.

Sababu iliyonipeleka huko ni sentensi moja. Mimi huandika ripoti za mradi wa maji, nikizitayarisha kwanza kwa Kiswahili pamoja na wafanyakazi wa nyanjani, kisha nikiziandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. Mapema mwaka huu ripoti yangu moja ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu chini ya maneno haya: "The pumps are in better state than the last year." Aliyepiga mstari hakueleza kosa. Nilimpa mwenzangu asome, akasema anahisi kasoro lakini hajui iko wapi. Nikampa mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, naye akaniambia, "Mjomba, andika tu 'improved' uachane na hiyo shida." Shauri lake lilikuwa la busara, lakini lilikuwa shauri la kulizunguka shimo, nami nilitaka kujua shimo lenyewe lina kina gani. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeandika kwamba pampu ziko katika hali bora kuliko mwaka jana, sentensi ambayo haina doa lolote. Doa lilipatikana njiani.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za yale ambayo kila aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya ameyasikia: maneno mafupi huongezewa "er", marefu hutanguliwa na "more", na machache hufuata njia yao wenyewe, kama "good" inayogeuka kuwa "better" na "bad" inayogeuka kuwa "worse". Tulinakili jedwali, tukalikariri, na kufikia Jumanne iliyofuata wengi walikuwa wamelisahau. Kijitabu hakikusaidia sana. Kina sura moja ya vivumishi vya ulinganishi na sura nyingine, mbele kabisa, ya vihusishi, na kati ya sura hizo mbili hakuna hata mstari mmoja unaoeleza yanayotokea kivumishi cha ulinganishi kinapoingia ndani ya kirai kihusishi, yaani ndani ya fungu la maneno linaloanza na "in", "at", "for", "with" na wenzao. Nikitazama makosa ya ripoti zangu za miaka miwili, karibu yote ya aina hii yametokea hapohapo, kwenye mpaka ambao kijitabu kimeuruka.

Alhamisi ya wiki ya tatu ndiyo iliyonirudishia karo yangu. Mwalimu wa Alhamisi, ambaye si yule wa Jumanne, aliandika ubaoni sentensi ya Kiswahili, jambo ambalo mwenzake alikuwa ametukataza hata kwa kunong'ona: "Wanaishi katika nyumba kubwa kuliko yetu." Chini yake akaandika: "They live in a bigger house than ours." Kisha akatuomba tuhesabu maneno yaliyosimama kati ya "kubwa" na "kuliko", halafu yaliyosimama kati ya "bigger" na "than". Kwa Kiswahili hakuna hata moja. Kwa Kiingereza kuna moja, nalo ni nomino yenyewe.

Huenda msomaji akaona jambo hili ni dogo, lakini mimi nimesoma Kiingereza tangu utotoni na sikuwahi kuonyeshwa. Kivumishi cha Kiswahili hufuata nomino, kwa hiyo "kubwa" na "kuliko" hukaa bega kwa bega. Tena kivumishi chenyewe hakibadiliki umbo, kwa maana nyumba huitwa kubwa hata isipolinganishwa na yoyote, na mzigo wote wa kulinganisha hubebwa na "kuliko", "zaidi", au kitenzi kama kuzidi, kupita na kushinda. Kiingereza hukitanguliza kivumishi mbele ya nomino, hukibadilisha umbo, kisha huipeleka "than" upande wa pili wa nomino, mfano wa mume na mke waliopanda matatu wakakuta abiria amekwisha kukaa katikati ya kiti cha watu watatu, nao wakalazimika kuketi mmoja huku na mwingine kule. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili hutamani kuwarudisha wenzi hao pamoja. Muuguzi mmoja aliwarudisha palepale, akaandika "in a bigger than ours house", na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mmoja wetu aliona mantiki yake.

Mama wa Eastleigh ndiye aliyeuliza swali lililokuwa vinywani mwetu. "Mwalimu, na nikisema 'in a house bigger than ours', nimekosea?"

"Hapana, mama, hujakosea. Umewaketisha pamoja, ila umewaketisha nyuma ya nomino. Wakitaka kukaa pamoja, sharti wakae nyuma."

Kisha akaeleza tofauti ambayo naihesabu kuwa fundisho bora la wiki zote sita. Unapoandika "in a bigger house than ours", umekwisha kukubali kwamba kile unacholinganisha nacho pia ni nyumba. Unapoandika "in a house bigger than ours", hujajifunga. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwamba tajiri fulani anaishi "in a house bigger than a church" na akaeleweka vizuri, lakini akisema "in a bigger house than a church", msikilizaji hushtuka kidogo, kana kwamba ameambiwa kanisa ni aina ya nyumba ya kupanga. Kiswahili hakina haja ya kuchagua kati ya mipango hiyo miwili, kwa kuwa kina mpango mmoja tu unaotumika kwa yote, na ndiyo sababu mfasiri anayetoka Kiswahili hufika mbele ya njia panda bila kujua kwamba ni njia panda.

Baada ya hapo likaja suala la "a", ambalo ndilo lililoniangusha mimi. Sheria aliyotupa mwalimu haimo kijitabuni: mtu akiwa na shaka, akiondoe kivumishi cha ulinganishi, au akirudishe katika umbo lake la kawaida, kisha asikilize kama kirai kinachobaki kinaitaka "a" au hakiitaki. Kwa kawaida ulinganishi hauongezi "a" na hauiondoi. Watu husema "with care", basi watasema "with greater care". Husema "in detail", basi watasema "in greater detail". Husema "under pressure" na "at risk", na kwa hiyo "under greater pressure" na "at greater risk". Upande wa pili, husema "on a scale", "at a price" na "to an extent", na "a" hiyo hubaki mahali pake katika "on a larger scale", "at a lower price" na "to a greater extent". Nilipolipima fungu langu kwa kipimo hiki, kosa lilijitokeza lenyewe. Kiingereza husema "in good condition" bila "a", lakini husema "in a good state" pamoja nayo. Mimi nilikuwa nimezoea kuona "in better condition" katika mikataba ya ununuzi wa vifaa, nikabadilisha neno la mwisho ili nisilirudie, nikadhani "condition" na "state" ni mapacha kwa sababu kwa Kiswahili yote mawili ni hali. Kumbe ni mapacha wa sura tu. Na lile "the" la mwisho lilikuwa kosa la pili: "last year" ni mwaka jana, ilhali "the last year" ni miezi 12 iliyopita hadi sasa, kwa hiyo nilikuwa nimemwambia mfadhili jambo ambalo halikuwa nia yangu. Sentensi ilipaswa kuwa "in a better state than last year", au, kwa mtu anayependa kueleza yote, "in a better state than they were last year".

Kipimo hiki si cha chuma. Mama wa Eastleigh alikijaribu kwa lugha ya biashara yake: yeye akitaka kumaliza mzigo huuza "at cost", yaani kwa bei ileile aliyonunulia, bila faida, je, akipata mzigo wa bei nafuu zaidi ataandika "at lower cost" au "at a lower cost"? Mwalimu alikubali kwamba yote mawili huandikwa, na kwamba ile "at cost" ya wafanyabiashara ni msemo uliojitenga na hauwezi kutumiwa kuwapima wengine. Nilipenda kwamba hakujifanya ana jibu moja.

Kipindi kilichofuata cha Alhamisi kilihusu virai ambamo kivumishi cha ulinganishi husimama baada ya kihusishi bila nomino yoyote ya kukishika mkono. Hapa Kiingereza hufanya jambo ambalo Kiswahili hukifanya kwa shida. Mtu husema "for longer", sisi tukasema kwa muda mrefu zaidi, kwa maana hatuwezi kuuacha "muda" nje ya mlango; husema "for less", sisi tukasema kwa bei nafuu zaidi. Muuguzi wa pili alisema kwamba hospitalini kwao hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya huandikwa kwamba imechukua "a turn for the worse", na kwamba ameliandika fungu hilo mara nyingi bila kujiuliza "worse" ni nini humo. Ni kivumishi kilichovishwa "the" na kupewa kazi ya nomino, kama vile "for the better". Kijana mmoja, katika barua ya kuomba kazi, alikuwa ameandika kwamba uongozi wake katika chama cha wanafunzi ulibadilisha mambo "for good", akikusudia kwamba mambo yalitengenea. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba "for good" maana yake ni daima, moja kwa moja, na kwamba msomaji wa barua hiyo angejua tu kuwa mambo yalibadilika yasirudi tena, bila kuambiwa kama yalikuwa mema au mabaya. Kijana alishika kichwa. Barua ilikuwa imekwisha kwenda sehemu sita.

Katika kundi hilohilo zimo "from bad to worse", ambayo sisi tungeieleza kwa kitenzi, tukisema mambo yalizidi kwenda mrama, na ile ahadi ya ndoa ya Kanisa la Uingereza, "for better, for worse, for richer, for poorer", iliyomo katika kitabu chake cha sala tangu 1549 na ambayo Nairobi husikika kwenye harusi karibu kila Jumamosi. Hapo vivumishi vinne vya ulinganishi vinafuata kihusishi "for" bila nomino, bila "the" na bila "than". Kiswahili, kikiwa kwenye mazingira kama hayo, husema kwa heri na kwa shari, na heri na shari ni nomino kamili. Naona hapa Kiswahili kimekaa imara zaidi, ingawa nakiri kwamba mimi si msikilizaji asiye na upande.

Niongeze jambo moja ambalo halikufundishwa na ambalo ningependa lingefundishwa. Darasani tulikemewa sana kwa "more better", na ni kweli kwamba Kiingereza rasmi cha leo hakiikubali, ingawa Shakespeare mwenyewe aliitia kinywani mwa mhusika wake Prospero katika tamthilia ya The Tempest. Lakini kosa hilo lina asili inayoeleweka. Neno letu "afadhali" limetoka katika Kiarabu, ambamo umbo lake, afdhal, tayari ni la ulinganishi lenye maana ya bora zaidi. Sisi tumelipokea kama neno la kawaida, kisha tukaanza kusema "afadhali zaidi" bila kuona tatizo lolote, na kwa hakika halipo. Anayesema "more better" amefanya katika Kiingereza kilekile ambacho Waswahili wamekifanya kwa Kiarabu kwa muda mrefu bila kukaripiwa na mtu. Mwalimu angelieleza hivyo, wanafunzi wangelikumbuka kosa hilo bila kuona aibu.

Sasa nije kwa mwalimu wa Jumanne. Ni mtu mwenye bidii, hufika mapema, husahihisha kazi zote na kuzirudisha, na sina shaka na elimu yake. Lakini anafundisha sarufi kama askari wa trafiki: faini kwanza, maelezo baadaye, kama yapo. Kwake Kiswahili hakiruhusiwi darasani, na hoja yake ni kwamba tumelipia Kiingereza. Katiba ya 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi nchini, na mtu anayefanya kazi katika ofisi ya Nairobi hupita kutoka moja hadi nyingine mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Kumkataza asilinganishe lugha hizo wakati anafundishwa kulinganisha ni jambo la kushangaza. Makosa yetu yalikuwa na mzizi wa Kiswahili, na mzizi haung'olewi kwa kukatazwa kuutazama.

Tulipishana naye pia juu ya "than me". Alishikilia kwamba mtu akiandika "She is taller than me" amekosea, na kwamba sharti aandike "than I", kwa kuwa "than" ni kiunganishi na kuna kitenzi kilichofichwa nyuma yake. Huo ni mtazamo wa zamani ulioelezwa na Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, katika sarufi yake ya 1762, na bado una watetezi. Lakini wataalamu wengi wa sarufi wa siku hizi huichukulia "than" ya namna hiyo kuwa kihusishi, nacho kihusishi hufuatwa na "me" kama ilivyo katika "with me" na "for me". Mtu akitaka kuepuka ugomvi ataandika "than I am", na hapo hakuna wa kumshika shati. Uangalifu unahitajika mahali pengine hasa: "She trusts him more than me" inaweza kumaanisha kwamba anamwamini yeye zaidi ya anavyoniamini mimi, au, katika mazungumzo, kwamba anamwamini kuliko mimi ninavyomwamini. Sentensi yetu ya Kiswahili yenye "kuliko mimi" ina utata uleule, na ungekuwa mfano mzuri wa kuufundisha, lau Kiswahili kingeruhusiwa siku ya Jumanne.

Kwa haki yake, ndiye aliyetufundisha vizuri kundi la vivumishi vilivyotoka Kilatini. "Superior", "inferior", "senior", "junior" na "prior" vilikuwa vya ulinganishi katika Kilatini, lakini katika Kiingereza havikubali "than". Hufuatwa na kirai cha "to". Katika ofisi zetu mtu husema bila wasiwasi "He is senior than me", nami nilikuwa mmoja wao. Kijitabu, kwa njia, kinasema mahali fulani kwamba kila neno la ulinganishi hufuatwa na "than", na mwalimu alituambia tuufute mstari huo kwa kalamu. Shule inayouza kijitabu chenye mstari wa kufutwa ingepaswa kukichapisha upya, au angalau kupunguza bei yake.

Yeye pia ndiye aliyetuonyesha kwamba "very" haiwezi kukishika kivumishi cha ulinganishi. Sisi tunayo "sana", inayoingia popote kama chumvi, kwa hiyo bei ya chini sana na bei ya chini zaidi zikichanganyika kichwani huzaa "at a very lower price". Kiingereza hutaka "at a much lower price" au "at a far lower price". Suala la "at a cheaper price" lilizua mabishano marefu, kwa maana mabango ya madukani yamejaa maneno hayo. Msimamo wa mwalimu ulikuwa kwamba bidhaa ndiyo huwa "cheap", bei huwa "low", na katika maandishi rasmi namwunga mkono, ingawa mtu anayenunua shati Gikomba hatarudi nyuma kwa sababu ya bango.

Wiki ya tano ilikuwa na somo dogo la kupendeza juu ya maneno yenye sura ya ulinganishi ambayo hayalinganishi kitu na hayafuatwi na "than". Mfano ulio karibu zaidi ni tangazo la "closed until further notice", ambalo kila mkazi wa jiji hili amewahi kulikuta limebandikwa kwenye mlango aliouhitaji. Humo "further" haina umbali wowote. Maana yake ni nyingine, ya ziada, na haitaki "a" mbele yake, kama vile katika "without further delay" na "for further information". Vivyo hivyo "upper", "inner", "outer", "latter" na "elder", pamoja na "lower" inapokuwa mwenza wa "upper". Hakuna anayesema "upper than". Mwalimu alitukumbusha kwamba kila siku watu hufanya kazi "in Upper Hill" na kupita "on Lower Kabete Road" bila kuuliza kilima hicho kiko juu kuliko kipi. Wengine walifika Nairobi wakiwa watu wazima na walikuwa hawajawahi kuyatazama majina hayo kama maneno.

Wiki ya sita ilipotea. Ilipaswa kuwa ya mazoezi ya kuandika ripoti fupi, lakini kipindi kimoja kiliahirishwa kwa sababu stima ilipotea na hakukuwa na jenereta, na kile cha mwisho kilitumika kugawa vyeti na kupiga picha. Niliomba kipindi kilichoahirishwa kifidiwe. Niliahidiwa kwa maneno mazuri, na hadi sasa sijaitwa. Nikigawanya karo kwa vipindi 12, kila kimoja kiligharimu karibu shilingi 792, na hicho nakihesabu kuwa deni. Risiti walinipa bila usumbufu, na vyeti vilikuwa na majina yaliyoandikwa sawasawa, jambo ambalo si la kudharau.

Kwa hiyo wenzangu watatu wa ofisini nawajibu hivi. Anayeandika ripoti na barua kila wiki, na ambaye makosa yake ni yale yanayotoka katika Kiswahili chake kizuri, aende, lakini kabla ya kulipa aulize kama mwalimu wa Alhamisi bado yupo, na aende na daftari lake mwenyewe badala ya kukitegemea kijitabu. Anayetaka kuongea kwa wepesi asiende, kwa maana darasa hili ni la kalamu. Wa tatu, ambaye ameniuliza kwa ajili ya cheti tu, nimemwambia kwamba cheti ni karatasi nzuri, nene, na kwamba shilingi 9,500 ni nyingi kwa karatasi. Shule nayo nimeiandikia barua kuhusu kile kipindi kilichoahirishwa, nikiomba kifidiwe "at an earlier date than you proposed", na kabla ya kuituma nilikiondoa kivumishi na kusikiliza "a" ikibaki mahali pake.